Ramani Iliyochorwa Kutoka Mlangoni Kwetu: Uchambuzi wa Kisa cha Mashabiki na Upanuzi wa Big 12

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mashabiki 17 wa futiboli ya Marekani ambao, katika kiangazi cha 2021, walijipa kazi ya kumshauri rais wa chuo chao kikuu ni vyuo vipi vialikwe kujiunga na konferensi ya Big 12. Majina ya chuo, ya mji na ya washiriki nimeyaondoa, na kazi za washiriki wawili watatu nimezibadili ili wasitambulike. Majina ya vyuo vilivyojadiliwa nimeyaacha kama yalivyo, kwa kuwa habari zao zilitangazwa hadharani. Mimi nilikuwa katibu wa kundi hilo, si kwa ujuzi wangu wa mchezo, ambao niliujulia ukubwani baada ya kuja masomoni, bali kwa sababu mwandiko wangu ndio uliosomeka.

Usuli

Msomaji aliyezoea ligi za soka anahitaji kwanza kuelewa jambo moja. Katika soka timu hupanda daraja kwa kushinda na hushuka kwa kushindwa. Katika futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani hakuna ngazi ya namna hiyo: vyuo hukusanyika katika makundi yanayoitwa konferensi, na chuo hakiingii katika konferensi kwa sababu kimeshinda, bali kwa sababu wanachama waliomo wamekialika. Konferensi hupanga ratiba na kutoa bingwa wake, lakini kazi yake yenye uzito kuliko zote ni kuuza kwa pamoja haki za matangazo ya televisheni na kugawanya mapato. Kwa hiyo anayeuliza "nani aingie" anauliza pia kama mgeni huyo ataongeza chakula katika sinia au atapunguza.

Big 12 iliundwa katikati ya miaka ya 1990 kwa kuunganisha vyuo 8 vya konferensi ya Big Eight na vyuo 4 vya Texas vilivyotoka katika Southwest Conference iliyokuwa inasambaratika, na msimu wake wa kwanza ulichezwa 1996. Baadaye ikaanza kupukutika yenyewe. Nebraska na Colorado waliondoka 2011, Missouri na Texas A&M wakafuata 2012, na nafasi zao zikajazwa kwa sehemu tu na TCU na West Virginia, hata Big 12 ikabaki na vyuo 10 na jina lisilolingana na idadi. Mwaka 2016 konferensi hiyo ilitangaza kwamba inatafakari kujipanua, ikavihoji vyuo 11 kutoka pembe mbalimbali za nchi, kisha Oktoba ikatangaza kwamba haitamwalika yeyote. Mashabiki waliokuwa wametumia kiangazi kizima kubishana walibaki midomo wazi, na ni busara kukumbuka kwamba 9 kati ya wale 17 wa kisa chetu walikuwamo katika mabishano hayo ya 2016.

Kisha ikaja 21 Julai 2021. Gazeti la Houston Chronicle liliripoti kwamba Texas na Oklahoma, vigogo wawili waliobaki, walikuwa wamewasiliana na SEC, konferensi yenye nguvu kuliko zote upande wa kusini-mashariki. Siku tano baadaye vyuo hivyo viwili viliijulisha Big 12 kwamba havitaongeza muda wa kukabidhi haki zao za matangazo baada ya 2025. Tarehe 29 Julai marais wa vyuo vya SEC walipiga kura kuwaalika, na kesho yake mwaliko ukakubaliwa. Jambo lililodhaniwa kuwa litachukua miaka lilimalizika katika siku 9. Vyuo 8 vilibaki: Baylor, Iowa State, Kansas, Kansas State, Oklahoma State, TCU, Texas Tech na West Virginia. Chuo cha kundi letu ni kimoja kati ya hivyo. Mwanzoni mwa Agosti kamishna wa Big 12, Bob Bowlsby, aliwaeleza maseneta wa jimbo la Texas kwamba wawili wanaoondoka walibeba takriban nusu ya thamani ya haki za matangazo ya konferensi nzima.

Mambo yalivyokwenda

Kikao cha kwanza kilifanyika Jumamosi ya mwisho ya Julai katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa nyama za kuokwa kwa moshi, ambako kundi lilizoea kukutana kabla ya msimu. Meza ilikuwa imefunikwa kwa karatasi pana ya rangi ya kaki, na mzee wetu mkubwa kuliko wote, mtu ambaye amekuwa na tiketi za msimu tangu ujana wake, alichukua kalamu nyekundu ya wino mzito akaanza kuichora Marekani kutoka kichwani. Utah ilitoka kubwa kuliko Texas. Aliweka kwanza nukta pale kilipo chuo chetu, kisha akaizungushia duara, kisha duara jingine kubwa zaidi, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani, akasema kwamba wa duara la kwanza ni majirani, wa duara la pili ni wageni, na walio nje ya hapo ni wa watu wengine. Hakuna aliyempinga. Niliiona ramani ile kuwa msaada, nami nikainakili katika daftari langu pamoja na maduara yake.

Baada ya hapo kila mtu alitaja chuo anachokitaka, na kufikia mwisho wa chakula tulikuwa na majina 21. Notre Dame walikuwamo, chuo ambacho kwa miongo mingi kimeng'ang'ania uhuru wake katika futiboli. Nebraska walikuwamo, kwa hoja kwamba "watakuwa wameshajuta". Arizona, Arizona State, Utah na Colorado waliandikwa kwa pamoja, kana kwamba wanasafiri kwa basi moja. Kisha zikaja BYU, Houston, Cincinnati, UCF, Memphis, Boise State, SMU na wengineo. Mabishano yaliyofuata sikuweza kuyaandika, maana watu watano walizungumza kwa wakati mmoja, na sehemu kubwa ya maneno yao haikuhusu vyuo vinavyoweza kuingia bali viwili vilivyotoka.

Kati ya kikao cha kwanza na cha pili nilipendekeza kwa mwenyekiti kwamba tuwe na maswali manne ya kumpima kila mgombea: je, akialikwa atakuja; je, watu watamtazama katika televisheni; je, michezo yake mingine na umbali wa safari vinabebeka; na je, timu yake ya futiboli inajua kucheza. Mhasibu aliyekuwa mwanachama wetu alitengeneza jedwali lenye alama kutoka 0 hadi 5 kwa kila swali. Swali la kwanza lilikuwa na masharti makali: aliyepata 0 hapo aliondolewa bila kuendelea na mengine.

Kikao cha pili, katikati ya Agosti, kilikuwa na utulivu zaidi na kilidumu saa tatu. Notre Dame na Nebraska waliondoka ndani ya dakika 10. Vyuo vinne vya magharibi vilitubana kwa muda mrefu, kwa kuwa konferensi yao, Pac-12, ilikuwa bado haijasema lolote na uvumi ulikuwa mwingi, hivyo tukaviweka kando kwa penseli. Boise State walipofikiwa, fundi umeme mmoja alisimama akatusimulia upya mchezo wa Fiesta Bowl wa 1 Januari 2007, ambamo Boise State waliwafunga Oklahoma 43 kwa 42 katika muda wa nyongeza. Alishika chupa ya pilipili ya unga kwa mkono wa kulia, akajifanya anaitupa kuelekea dirishani, huku mkono wa kushoto ukipitisha kifuniko cha chumvi nyuma ya mgongo kwa jirani yake, ambaye alitakiwa kukimbia nacho hadi mlangoni naye akakimbia kweli. Ndivyo zilivyopatikana alama mbili za ushindi siku ile. Chumba kizima kilipiga makofi, na Boise State wakaandikiwa 5.

Houston walikuwa habari nyingine. Mwalimu mstaafu alisema waziwazi kwamba vijana wengi wanaosajiliwa na vyuo vya Big 12 hutoka shule za sekondari za eneo la Houston, na kwamba tukikipa chuo cha nyumbani kwao hadhi sawa na yetu, kijana hatakuwa na sababu ya kupanda ndege kuja kwetu. Mwingine akaongeza kwamba hata baada ya Texas kuondoka bado konferensi ina vyuo vitatu vya jimbo hilo, na wa nne angefanya kila kikao cha konferensi kuwa kikao cha Wateksasi. Hoja hizo hazikuwa na safu katika jedwali. Hata hivyo Houston walipata 1 katika swali la watazamaji, ingawa mji wao ni wa nne kwa ukubwa katika Marekani yote, na mimi niliiandika 1 hiyo bila kuuliza.

Ilikuwa katika kikao hicho ambapo mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa akichezea timu ya mpira wa wavu ya chuo, aliinua mkono baada ya kukaa kimya saa mbili. Aliuliza, "Na Jumatano usiku?" Hatukumwelewa. Akafafanua kwamba futiboli husafiri mara chache kwa msimu, aghalabu kwa ndege ya kukodi na mwishoni mwa juma, bali binti yake hucheza katikati ya juma, hurudi usiku wa manane, na asubuhi ana mtihani wa kemia. Tuliandika jambo hilo, tukampa pole, tukaendelea na futiboli.

Kikao cha tatu kiliitishwa baada ya siku mbili zilizofunga milango. Tarehe 24 Agosti konferensi za ACC, Big Ten na Pac-12 zilitangaza ushirikiano wao, na tarehe 26 Agosti Pac-12 ikasema haitajipanua. Mwenyekiti alikuja na kifutio cha penseli, na mbele ya wote akavifuta vyuo vinne vya magharibi.

Maamuzi na sababu zake

Barua iliyotumwa kabla ya Agosti kwisha ilipendekeza vyuo vinne: BYU, UCF, Memphis na Boise State.

BYU walikuwa na alama nyingi kuliko wote. Chuo hicho cha Provo, Utah, kinachomilikiwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kilikuwa kikicheza futiboli bila konferensi tangu 2011, kina uwanja wa watu zaidi ya 60,000, kilitwaa ubingwa wa taifa 1984, na mashabiki wake wametapakaa popote walipo waumini wa kanisa hilo. Kikwazo chake ni kwamba timu zake hazichezi Jumapili, jambo ambalo kwa futiboli si tatizo, ila kwa michezo yenye mashindano ya mwisho wa juma linalazimisha ratiba kupindwa. Tulijadili kikwazo hicho kwa dakika tano, na nadhani zilitosha.

UCF walichaguliwa kwa kuwa wako Orlando, katika jimbo lenye vipaji vingi vya futiboli, na kwa kuwa walikuwa na wanafunzi zaidi ya 70,000, maana yake wahitimu wengi huongezeka kila mwaka, na mhitimu wa leo ndiye mtazamaji wa kesho. Timu yao ilianza 1979 tu, lakini 2017 walimaliza msimu bila kufungwa. Memphis walipendekezwa kwa sababu waliangukia ndani ya maduara ya yule mzee na kwa sababu ya fedha za kampuni ya FedEx yenye makao makuu mjini humo. Boise State walipendekezwa kwa sababu ya chupa ya pilipili.

Cincinnati walikosa nafasi kwa alama chache. Timu yao ilikuwa nzuri, na katika msimu wa 2020 ilishindwa mchezo mmoja tu kati ya 10. Kilichowaangusha ni safu ya umbali: walikuwa nje ya maduara. Houston waliangushwa na ile 1.

Matokeo

Idara ya michezo ya chuo ilijibu kwa barua fupi ya heshima. Sina sababu ya kuamini kwamba barua yetu ilibadili chochote.

Tarehe 10 Septemba 2021 vyuo 8 vilivyobaki vilikubali kwa kauli moja kuwaalika BYU, Cincinnati, Houston na UCF. Tulikuwa tumepatia wawili kati ya wanne. BYU hawakuwa na konferensi ya futiboli ya kuihama. Wale wengine watatu walikubaliana na konferensi yao, American, kulipa dola milioni 18 kila mmoja ili watoke mapema, na wote wanne wakaanza kucheza katika Big 12 mwaka 2023.

Mambo mawili yaliyofuata yanahusu moja kwa moja kazi ya kundi letu. La kwanza, miezi mitatu baada ya kualikwa, Cincinnati wakawa chuo cha kwanza kutoka konferensi isiyo miongoni mwa zile tano kubwa kuingia katika mchujo wa timu nne wa ubingwa wa taifa, ambako walifungwa na Alabama 27 kwa 6. La pili, wale vyuo vinne tuliovifuta kwa kifutio walikuja. Tarehe 30 Juni 2022 Big Ten iliwachukua USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, kutoka Pac-12. Pac-12 iliyobaki ikashindwa kupata mkataba wa matangazo wa kuwatuliza wanachama wake. Julai 2023 Colorado wakarudi Big 12, na 4 Agosti wakafuata Arizona, Arizona State na Utah. Basi lile moja lilifika, likiwa limechelewa miaka miwili.

Fedha nazo hazikwenda kama ilivyohofiwa. Oktoba 2022, chini ya kamishna mpya Brett Yormark, Big 12 ilikubaliana na vituo vya televisheni vya ESPN na Fox mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya takriban dola bilioni 2.28, ambao kwa wastani ulimpa kila mwanachama karibu dola milioni 31.7 kwa mwaka.

Uchambuzi

*Swali lililotuokoa*

Kama kuna kitu kimoja ningekichukua kutoka kisa hiki na kumpa mtu mwingine anayeongoza mjadala wa namna hii, ni kule kuanza na swali la "atakuja?" kabla ya "anafaa?". Kikao cha kwanza kilikwama kwa sababu kila mtu alikuwa akitetea ndoto yake, na ndoto haina hoja ya kuipinga. Swali la kwanza lilipowekewa nguvu ya kumwondoa mtu, mjadala ulipungua kutoka majina 21 hadi 12 bila ugomvi, kwa kuwa aliyeondolewa hakuambiwa kwamba ni mbaya. Aliambiwa tu kwamba ana pake na hana sababu ya kuhama.

Wapo miongoni mwetu waliosema 2023 kwamba swali hilo ndilo lililotukosesha vyuo vinne vya magharibi. Siwaungi mkono. Agosti 2021 vyuo hivyo havikuwa na sababu yoyote ya kuondoka, na kuvifuta kulikuwa sahihi kwa siku ile. Kilichobadilika baadaye ni hali yao, baada ya USC na UCLA kuondoka na soko la Los Angeles kwenda nao. Kosa letu dogo lilikuwa la kifutio: tungeandika kando ya kila jina ni jambo gani likitokea jibu litabadilika, Julai 2022 tungekuwa na orodha mkononi badala ya kuanza upya.

*Ramani na nukta yake*

Kosa kubwa lilifanyika katika dakika 20 za kwanza, nalo lilifanywa kwa nia njema na mtu tunayempenda. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ramani yetu ilivutiwa kwetu kabla hatujajua kwamba tunachora ngoma. Umbali wote ulipimwa kutoka chuo chetu, ilhali chuo chetu kilikuwa na kura moja kati ya 8.

Mfano wa Cincinnati unalionyesha jambo hili waziwazi. West Virginia, walioko Morgantown, walikuwa peke yao upande wa mashariki tangu 2012. Kwenda Lubbock kucheza na Texas Tech ni safari ya takriban kilomita 2,000 kwa ndege, na hawakuwa na hata mwanachama mmoja wa kumwita jirani. Kutoka Morgantown hadi Cincinnati ni takriban kilomita 400. Kwetu sisi Cincinnati ilikuwa nje ya duara la pili. Kwa West Virginia ingekuwa ndani ya duara la kwanza, tena peke yake. Hakuna hata mmoja kati yetu 17 aliyetaja Morgantown katika vikao vitatu. Nimepitia daftari langu mara mbili kuhakikisha.

Laiti tungekunja karatasi ile na kuchora ramani nane, kila moja ikianzia kwa mwanachama mwingine, nina hakika Memphis wangeshuka na Cincinnati wangepanda.

*Houston na hofu iliyovaa namba*

Hoja ya mwalimu mstaafu kuhusu usajili wa vijana haikuwa ya kipuuzi, na ingestahili safu yake. Kwa kuwa haikupewa safu, ilitafuta pa kujificha, ikajificha ndani ya swali la watazamaji, na jedwali lililokusudiwa kutupa uwazi likatufanyia kinyume chake: msomaji wa barua yetu aliambiwa kwamba Houston haina watazamaji, jambo ambalo hakuna aliyekuwa akiliamini. Hapa lawama ni yangu. Katibu anapoona alama isiyofanana na maneno yaliyosemwa, wajibu wake ni kuuliza kabla ya kuandika.

Tungeiweka hoja hiyo mezani ikiwa uchi, pengine tungejibiwa kwamba vijana wa Houston walikuwa tayari wanawindwa na kila chuo nchini, na kwamba chuo kinachokwenda kucheza katika mji wao mara kwa mara kinapata nafasi ya kuonekana na wazazi wao. Tungekumbuka pia kwamba 2016 gavana wa Texas, Greg Abbott, alisema hadharani kwamba upanuzi wa Big 12 usio na Houston haufai hata kuanza. Kura za vyuo vya Texas hazikuwa tatu tu za kuhesabiwa. Zilikuwa na siasa ya jimbo nyuma yake.

*Boise State na kisasi*

Sitawalaumu sana waliopiga makofi, maana nami nilipiga. Ila 5 ile haikuwa alama ya kupima timu ya 2021. Ilikuwa shukrani kwa waliowahi kuwafunga Oklahoma, ikitolewa na watu waliokuwa wametoka kuachwa na Oklahoma. Hasira ya Julai ilipita kimyakimya hadi ndani ya pendekezo la Agosti. Jambo la kushangaza ni kwamba kundi letu lilikuwa na mhasibu, mwanasheria na walimu wawili, watu wanaotenganisha hisia na hesabu kila siku kazini.

*Kiwango cha uwanjani*

Tuliipa nafasi ndogo mno shaka kuhusu rekodi za ushindi. Wanachama wanne wapya katika msimu wao wa kwanza, 2023, walimaliza hivi, kwa kuhesabu michezo waliyoshinda kwa waliyoshindwa: UCF 6 kwa 7, BYU 5 kwa 7, Houston 4 kwa 8 na Cincinnati 3 kwa 9. Mwaka uliofuata BYU walishinda michezo 11, na Arizona State, waliotabiriwa kushika mkia, wakatwaa ubingwa wa Big 12 katika msimu wao wa kwanza. SMU, ambao katika kikao chetu walifukuzwa kwa kicheko kwa kuwa wanakaa karibu mno na TCU, waliingia ACC kwa kukubali kukosa mgawo wa matangazo kwa miaka kadhaa, na 2024 wakafika katika mchujo wa taifa. Alama tuliyokuwa tukiitoa kwa kujiamini kuliko zote ndiyo iliyochacha haraka kuliko zote.

*Jumatano usiku*

Swali la yule mama lilikuwa ndani ya swali letu la tatu, lakini tulilichanganya na umbali, kisha umbali tukaupima kwa futiboli. Leo timu ya mpira wa wavu ya UCF ikienda kucheza na BYU inavuka zaidi ya kilomita 3,000, kisha inarudi darasani. Sidhani kwamba kulizingatia swali hilo kungebadili orodha ya waliochaguliwa. Kungeweza kubadili barua: tungeomba ratiba ya michezo midogo ipangwe kwa safari za pamoja, timu ikienda upande mmoja icheze na wenyeji wawili kabla ya kurudi. Hilo ni ombi ambalo idara ya michezo ingeweza kulijibu, tofauti na ombi la kumwalika Boise State.

*Safu ambayo haikuwamo*

Jedwali letu liliuliza nani anakuja. Halikuwa na mahali pa kuandika nini kinaondoka. Oklahoma na Oklahoma State, vyuo vya jimbo moja vilivyokuwa vikikutana kila mwaka kwa zaidi ya miaka 100, vilicheza 4 Novemba 2023. Oklahoma State wakashinda 27 kwa 24, na mfululizo huo ukasimama. Katika kikao cha tatu, wakati mwenyekiti akipuliza vumbi la kifutio, yule mzee wa ramani aliuliza ile Jumamosi ambayo Texas walikuwa wakija kwetu tutaifanyia nini. Katika muhtasari wangu swali lake limo chini ya "Mengineyo", mstari mmoja, na nafasi ya jibu iko wazi.